Bora kwa Nani?

Kuna swali moja la maadili ambalo duka la spea hulimaliza haraka kuliko darasa la falsafa: bora kwa nani? Unaingia, unaomba oili bora kuliko zote. Muuzaji anayejua kazi yake hakupi kitu kabla hajakuuliza injini yako ni gani. Anayekupa bila kuuliza, mkimbie.

Mimi ni fundi wa dizeli. Ninafanya kazi Arizona, Marekani, jimbo ambalo wastaafu hukimbilia wakati wa baridi. Miezi hiyo, jangwa la Quartzsite hujaa nyumba za magurudumu. Nyingi ni mpya, ila wapo wazee wachache wanaokuja na mabasi ya GMC ya miaka ya 1960 waliyoyageuza nyumba: jiko katikati, kitanda nyuma, na injini chini ya kitanda. Basi la aina hiyo utalisikia kabla hujaliona. Linanguruma kama linakwenda kasi maradufu ya mwendo wake.

Ngurumo hiyo ni ya Detroit Diesel 8V71. Ukoo wa 71 ulizaliwa 1938 chini ya General Motors, na jina linatokana na ukubwa wa silinda moja, inchi za ujazo 71. Ni dizeli ya mipigo miwili. Injini ya lori unalopishana nalo njia ya Malaba hufanya kazi mara moja kila pistoni inaposhuka mara mbili. Hii hufanya kazi kila pistoni inaposhuka. Haipumziki. Hewa inasukumwa na bloa, inaingia kupitia matundu yaliyotobolewa ubavuni mwa silivu, na ringi za pistoni hupita juu ya matundu hayo maelfu ya mara kwa dakika.

Mwili kama huo unakula nini? Kitabu cha mtengenezaji kinasema oili nzito ya daraja moja, SAE 40, ya kundi la CF-2, yenye jivu chini ya asilimia 1. Si ushamba wa wazee. Oili ya 15W-40 ina viongeza vinavyoifanya iwe nyepesi kwenye baridi na isilegee kwenye joto. Ndani ya injini hii viongeza hivyo hukatikakatika, oili ikawa maji, ringi na silivu zikaanza kusagana. Na jivu likizidi, linaganda kwenye valvu za ekzosi. Valvu hazifungi vizuri, mwishowe zinaungua.

Tatizo ni kwamba dunia imesonga. Taasisi ya mafuta ya Marekani, API, ilileta CF-2 mwaka 1994, wakati sheria za moshi zilikuwa tayari zinazisukuma injini hizi nje ya barabara. Leo CF-2 haimo tena kwenye orodha ya makundi yanayotumika. Rafu zimejaa CK-4, iliyoanza Desemba 2016. Nayo ni oili nzuri kweli. Ukiniletea lori la juzi, nitaimimina bila kufikiri mara mbili. Kwa hiyo mteja anaponiuliza kama kipya hakijaboreshwa, nakubali kwamba kimeboreshwa. Ila kimeboreshwa kwa ajili ya mwingine. Waliosema kipya kinyemi ingawa kidonda hawakuwa wanachukia vitu vipya. Walikuwa wanatuonya kuhusu macho yetu.

Aristotle aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha maadili kwa mfano wa Milo, mwanamieleka. Chakula kinachomtosha Milo kingemlemea mtu anayeanza mazoezi leo. Wastani wa haki, kwake, haupatikani kwa kugawa hesabu katikati. Unapatikana kwa kumtazama anayekula.

Nayasema haya kwa sababu mwaka huu yametoka gereji yakaingia nyumbani. Baba yetu ana miaka 81 na anaishi peke yake milimani Taita. Ndugu zangu walitaka ahamie Syokimau, orofa ya nne, maji ya mfereji, hospitali karibu, televisheni ukuta mzima. Kwenye kundi letu la WhatsApp neno lililorudiwa ni moja tu: maisha bora. Sikuwa na ubishi na hospitali wala maji. Niliuliza bora kwa nani, na kama kuna aliyemuuliza mwenyewe.

Dada yangu alinijibu, na jibu lake lilikuwa zito. Aliniambia ni rahisi mtu aliye Arizona kusifu shamba, kwa sababu si yeye atakayepigiwa simu usiku mzee akianguka. Ana haki. Kuna watu wanaosema "mwacheni alivyozoea", kumbe wanatafuta ruhusa ya kutofanya kitu. Lakini hebu tazama gereji tena. Anayeitilia 8V71 oili yake hajaiacha ilivyo. Anaitafuta SAE 40 ambayo duka la jirani halina, anaisubiri, anailipia ghali, anapima kijiti kila asubuhi kwa sababu injini hii hula oili na kudondosha. Mafundi hutania kwamba ikiacha kudondosha, ujue imekwisha. Kumfaa mtu ni kazi kubwa kuliko kumhamisha, na ni kubwa zaidi kuliko kumwacha.

Filta nayo ina somo lake. Wateja hupenda kuuliza filta inayochuja vumbi dogo kuliko yote, wakidhani ndiyo salama kuliko zote. Lakini filta kubana kupita kiasi, au ikiziba, oili haipiti kwa wingi unaotakiwa. Hapo valvu ya pembeni hufunguka na oili huzunguka bila kuchujwa kabisa, kwa sababu afadhali beringi ipate oili chafu kuliko ikose. Ukali uliozidi unazaa kile ulichokuwa unakizuia. Nimeona familia zikifanya hivyo na wazee wao. Wanamficha habari za ugonjwa, za deni, za mjukuu aliyeacha shule, ati asisumbuke. Halafu anazisikia sokoni, mbichi, kutoka kwa mtu asiyempenda.

Najua mtu si injini, na tofauti hiyo ndiyo inayonisumbua zaidi. Injini ina kitabu kilichoandikwa na aliyeiunda. Baba hana kitabu, lakini ana mdomo. Tulipompigia akasema hahami. Alitaka vitu viwili: mabati ya jikoni yabadilishwe, na apatikane kijana wa kukamua ng'ombe, maana vidole vimekataa. Dada yangu akaongeza la tatu, kwamba kijana huyo alale pale pale. Mzee akanung'unika, akakubali. Hilo halikuwa la kwake wala la kwetu, lakini lilimfaa.

Kuna pingamizi moja ambalo sitalikwepa. Injini hizi huchafua hewa, na sheria zilizoziondoa barabarani hazikuwa za uonevu. Kama basi lile lingekuwa linabeba abiria Nairobi kila siku, ningemshauri mwenyewe alistaafishe, hata alipende vipi. Linalotoka mara chache kwa mwaka, kwenda jangwani na kurudi, nalipima kwa mizani nyingine. Kufaa hakuishii kwa mwenye kutunzwa. Kunawagusa pia wanaovuta moshi wake, na kwa baba yetu, anayepigiwa simu usiku ni dada.

Kwa hiyo sidai tumepata jibu la kudumu. Injini ikivaa, hata kitabu hakitatosha. Baba akishindwa kutoka kitandani, huenda orofa ya nne ikawa ndiyo inayomfaa, na nitakuwa wa kwanza kuchangia nauli. Ila siku hiyo pia tutaanza kwa kumuuliza, kabla hatujamshushia chochote kutoka rafuni.