Wageukie Wanaokupigia Makofi
Kumsuta kaburu wa mbali ni kazi rahisi. Jaribu kumsuta mwenzako wa benchi moja. Oktoba 1961, pale Ukumbi wa Karimjee, baadhi ya wabunge walitaka uraia wa Tanganyika utolewe kwa rangi ya ngozi. Waziri Mkuu Nyerere hakuhangaika na mkoloni aliyekuwa akifunga virago. Aliwageukia wabunge hao, akawafananisha na Hitler, akasema muswada wa uraia usiojali rangi ukikwama, serikali yake inajiuzulu. Maneno yakapata uzito, maana cheo chake nacho kilikuwa mezani. Lakini kwenye midahalo ya shule zetu za Temeke na Kinondoni, kaburu akitukanwa ukumbi hulipuka. Sasa msemaji auulize ukumbi huohuo mbona tunacheka Mhindi akiitwa ponjoro. Utasikia viti vikilia.