Moshi wa Gari na Haki za Waja

Mjini Mtwara, kama katika miji mingine ya Tanzania, magari mengi ya petroli yaliyomo barabarani yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika huko kwa miaka mingi. Hapana aibu kuendesha gari kuukuu. Mwalimu, mchuuzi wa samaki wa Mikindani au mkulima wa korosho hununua kile ambacho mfuko wake unakiweza. Lakini gari hilo huja na wajibu ambao haukuandikwa katika hati ya mauzo, na huo ndio tunaotaka kuutazama hapa.

Katika bomba la moshi la gari la petroli mna kifaa ambacho mafundi wetu hukiita masega, kwani ndani yake mna vitundu vingi mfano wa sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa madini ya thamani kama platinamu. Moshi wa moto upitapo humo, sumu iitwayo kaboni monoksaidi hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi, na gesi nyingine zenye madhara hupunguzwa. Sumu hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Masega yakifa, pengine injini huendelea kunguruma vizuri na dereva asihisi lolote, lakini nyuma yake sumu hutoka bila kizuizi.

Hapa ndipo lilipo swali letu. Atoaye moshi yuko mbele, na auvutaye yuko nyuma: mama muuza maandazi kando ya stendi, mtoto arudiye shuleni, mzee mwenye pumu aliyeketi barazani. Wanavyuoni wametufundisha kwamba kuna haki za Mwenyezi Mungu na kuna haki za waja, na kwamba aliyemdhulumu mja mwenziwe hana budi kumwendea na kumtaka radhi. Basi, ndugu msomaji, dereva huyu atamwendea nani? Hawajui majina yao wala nyumba zao. Dhuluma ambayo haiwezekani kuombewa radhi haina dawa ila moja, nayo ni kuizuia kabla haijatendeka.

Wako watakaosema: "Gari langu ni moja tu, msimu wa korosho malori mangapi hupita hapa?" Jibu ni kwamba wingi wa wakosaji haupunguzi fungu la mmoja. Atiaye ndoo moja ya maji machafu kisimani hasameheki kwa kuwa jirani yake ametia pipa.

Wengine watasema kwamba kosa ni la waliotuuzia. Neno hili lina ukweli ndani yake. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalitoka Ulaya, Marekani na Japani kwenda nchi nyingine, na fungu kubwa kuliko yote lilikuja Afrika. Yapasa serikali ziwaulize wauzaji hao. Hata hivyo, mwenye kushika usukani leo ni wewe. Zamani ilikuwapo pia hoja ya petroli yenye risasi, ambayo huharibu masega. Lakini nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na hoja hiyo imekwisha.

Hoja iliyo nzito ni ya umaskini, kwani masega mapya ni ghali. Mwenyezi Mungu hamkalifishi mtu zaidi ya uwezo wake. Lakini asiyeweza yote hakusamehewa lile aliwezalo. Mara nyingi masega hufa kwa sababu ya ugonjwa wa injini: plagi mbovu hupitisha petroli isiyoungua, au injini inakula oili. Kubadili plagi hakugharimu kama kununua masega. Kuzima injini wakati wa kungojea abiria hakugharimu kitu. Kutowasha gari ndani ya banda lililofungwa huokoa roho za watu wako mwenyewe. Na uendapo Msimbati au Kilambo, usiegeshe gari juu ya majani makavu chini ya mikorosho. Masega hupata joto kali mno, na injini isiyounguza vizuri huyazidishia joto hilo hadi kuweza kuwasha moto shambani kwa mtu.

Tofautisha pia bahati mbaya na tendo. Masega kufa yenyewe ni bahati mbaya. Kuyang'oa yakiwa mazima, ukamwuzia mnunuzi wa madini yake na kuchomelea bomba tupu mahali pake, ni kuuza kitu ambacho faida yake ilikuwa ya watu wengine. Fedha huingia mfukoni mwako, na gharama hulipwa na mapafu ya jirani.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa una gari kuukuu, wiki hii simama nyuma yake injini ikinguruma, mahali pa wazi, kwa kitambo kidogo tu. Hapo ndipo wanaposimama wenzako kila siku. Kisha mwendee fundi mwaminifu, na anza na lile uliwezalo.