Kutu Haianzi Siku Unayoiona

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu kubwa ya jumba la Beit al-Ajaib pale Forodhani, Unguja, iliporomoka, na mnara wa saa ukaenda nayo. Mafundi walikuwamo ndani wakilikarabati jengo. Wawili walipoteza maisha. Wengi tuliililia nyumba, na ilistahili kuliliwa, lakini nyumba hujengwa tena.

Sultani Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, akitaka kitu ambacho Unguja haijapata kukiona. Dari za Mji Mkongwe zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haifiki mbali. Ndiyo maana vyumba vya nyumba zile ni vyembamba, upana wa mita tatu hivi. Barghash akaleta chuma. Mihimili ya chuma ikabeba sakafu za kumbi pana, nguzo za chuma zikazunguka baraza za kila ghorofa. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ikalipiga eneo la kasri na kuibomoa Beit al-Hukm iliyokuwa jirani, lakini Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Ikasimama hivyo, uso wake baharini, ikipokea kaskazi na kusi mwaka hadi mwaka.

Dalili zilitangulia. Mwaka 2012 kipande cha jengo kilianguka, na mwaka 2014 shirika la World Monuments Fund likaliweka kwenye orodha yake ya majengo yaliyo hatarini. Sisemi kwamba kutu peke yake ndiyo iliyoliangusha; jengo la miaka 137 lina maradhi mengi. Ninachosema ni kwamba chuma kilichozikwa ndani ya ukuta wa chokaa na mawe ya matumbawe, hatua chache kutoka baharini, kina maradhi yake, na maradhi hayo hayapigi kelele.

Chokaa ikiwa mbichi hukilinda chuma. Miaka ikienda, hewa huipunguzia ukali wake, na chumvi hupenya pamoja na unyevu. Chumvi huvuta maji hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hakikauki vizuri hata kiangazi. Kisha kutu huvimba: hujaza nafasi mara kadhaa ya ile iliyokuwa ya chuma chenyewe, hivyo hupasua ukuta kutoka ndani. Ufa unapotokea nje, maji yamepata mlango, na mhimili umekwisha kupungua unene. Anayeziba ufa huo kwa plasta akaondoka ameficha kidonda tu. Na anayejenga leo kwa mchanga wa pwani ameiweka chumvi kwenye nondo tangu siku ya kwanza.

Nayasema haya kwa ajili ya kijana mwenye mashine ya kuchomelea aliyepewa kazi ya stendi ya tangi la samaki wa baharini. Kazi inaonekana ndogo, lakini lita 200 za maji ya bahari zina uzito wa kilo 205 hivi, kabla ya kioo na mawe, na chini yake watoto hucheza.

Mteja huuliza, “Fundi, umepiga rangi?” Naye hujibu, “Mkono wa pili huo, mzee.” Swali lenyewe halitoshi. Tazama pale mabomba mawili ya mraba yanapokutana. Fundi amechomelea pande tatu zinazoonekana, wa nne akauacha na upenyo mwembamba kama uzi. Brashi haiingii humo, tone la maji linaingia. Magamba ya kuchomelea hayakugongwa, na rangi imekaa juu yake. Baada ya muda hutokea mstari mweupe wa chumvi, kisha rangi inainuka malengelenge. Ukibonyeza kwa ukucha, unatoka unga wa rangi ya matofali.

Basi chomelea pande zote, uzibe na ncha za bomba. Gonga magamba, piga brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, kioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kikauke, halafu kipake rangi ya kuzuia kutu kabla ya jua kuchwa, maana hewa ya Unguja haisubiri kesho. Chuma kilichochovywa zinki ni bora zaidi, kwa kuwa zinki huliwa kwanza. Lakini ukikichomelea, moto huiunguza zinki pale pale kwenye kiungo, na moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Ikiwa mteja hana haraka, mshauri mbao ngumu.

Mwenye tangi naye afute kila maji yanayomwagika kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, na mara kwa mara alale chini na tochi atazame viungo kwa nyuma. Akichokoa kwa bisibisi na ncha ikazama, asiite mtu wa rangi wala asijaribu kuchomelea kiraka. Kwanza ahamishe samaki na kumwaga maji yote, tena watoto wakiwa chumba kingine.