Skeitibodi, beringi zetu na haki ya njia

Wazazi wawili wamenijia kwa nyakati tofauti wakiwa na swali moja. Katika mitaa yetu ya Shirimatunda, hapa Manispaa ya Moshi, wameonekana vijana wachache wakiteremka barabarani juu ya skeitibodi, ule ubao mfupi wenye magurudumu manne madogo ambao zamani tuliuona kwenye mikanda ya video tu. Nyingine zimetoka kwenye mitumba pale Memorial, nyingine zimeletwa na ndugu walioko nje. Wazazi hao hawakuuliza kama mchezo huo unavunja miguu. Walitaka niseme kuwa ni haramu, ili wawe na la kushika nyumbani.

Sikusema. Na naomba nieleze ni kwa nini, maana jambo lenyewe ni kubwa kuliko ubao.

Wanachuoni wametuwekea kanuni kwamba asili ya mambo ya kidunia ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuyakataza. Maana yake, anayeharamisha ndiye anayepaswa kuleta dalili; anayecheza hadaiwi dalili. Kuharamisha kwa sababu tu jambo limetuudhi machoni si ucha Mungu. Ni kumsemea Allah (S.W.) neno ambalo hakulisema, na Qur'an imelikemea hilo kwa ukali kabisa.

"Lakini Ustadh," aliniambia mmoja wao, "huku si kujifananisha na makafiri?" Hoja hii si ya kudharauliwa. Hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu mwenye kujifananisha na watu inajulikana. Ila tujiulize: kujifananisha katika nini hasa? Skeitibodi ilianza California, Marekani, katika miaka ya 1950. Watoto waling'oa magurudumu ya viatu vya kutelezea, wakayapigilia misumari chini ya kipande cha ubao. Wengine waliweka na sanduku la matunda kwa mbele ili wapate pa kushikia. Hapakuwa na itikadi yoyote katika kitendo hicho. Palikuwa na ubao, gurudumu na mteremko.

Sasa sisi tuliokulia hapa katika miaka ya 1990, ambako kila barabara inateremka kutoka mlimani, tulikuwa tunafanya nini? Tulikuwa na magari ya beringi. Ulikwenda gereji asubuhi, ukafagia, ukatumwa maji na sigara, mwisho fundi akakutupia beringi moja iliyokufa. Ukikusanya tatu umepata gari. Ubao mmoja wa kukalia, mti mmoja wa mbele unaozunguka kwa msumari mkubwa na kuongozwa kwa miguu, mti wa nyuma uliokazwa kwa raba ya tairi. Breki ilikuwa kisigino cha kandambili. Kelele ya chuma kile kwenye lami ilisikika mtaa wa tatu, na kina mama walikuwa wakitoka nje kwa laana na kwa dua kwa wakati mmoja. Aliyekosa beringi alikwenda shambani akakata gome la mgomba, akaserereka kwenye nyasi mpaka kaptula ikatoboka.

Hakuna aliyetuonesha picha ya mtoto wa California, na mtoto wa California hakuwahi kumsikia mtoto wa Kibosho wala wa Uru. Ukienda Goma, mashariki ya Kongo, utakuta chukudu, ile skuta kubwa ya mbao inayobeba magunia ya viazi na mkaa, na watu wa mji ule wameiheshimu kwa kuijengea sanamu. Nayo ni ubao, gurudumu na mteremko. Hata leo, ukifungua gurudumu la skeitibodi utakuta ndani yake beringi mbili, ndogo na safi, lakini beringi zile zile. Kwa hiyo anayesema kijana wa leo anaiga Wazungu, na yeye mwenyewe utotoni alipanda beringi, anieleze tofauti iko wapi isipokuwa kwamba cha kwake alikijua na hiki hakijui.

Nisije nikaeleweka vibaya. Utamaduni uliojengwa juu ya ubao huu una mambo yake. Kuna bodi zimechorwa mafuvu ya vichwa na picha ambazo Mwislamu hawezi kuziingiza nyumbani. Kuna muziki wake, mavazi yake, na ile tabia ya kujigamba kuwa mchezaji hamtii yeyote. Huko ndiko kwenye kujifananisha, na huko mzazi ana haki ya kusimama kidete. Chora hilo fuvu rangi nyeusi, uone kama gurudumu litakataa kuzunguka.

Aidha, watu wa mchezo huu wana vioja. Mwendaji wa kawaida akiona ngazi anaona ngazi. Wao wanaona kitu cha kurukwa. California ilipokumbwa na ukame mkubwa mwaka 1976 na watu wakaacha mabwawa yao ya kuogelea makavu, vijana waliruka kuta za nyumba za watu ili wakateleze ndani ya mabwawa yale. Huo ni uvamizi wa mali ya mtu, na siutetei. Norway nayo ilipiga marufuku skeitibodi kuanzia mwaka 1978 hadi 1989, na vijana wakaingia msituni kujenga njia zao kwa siri. Miaka kumi na moja ya marufuku, na mchezo haukufa! Anayedhani ataumaliza Shirimatunda kwa kuvunja bodi tatu na atafakari hilo.

Lakini kioja kinachonishangaza zaidi ni kwamba watu hao nao wamezeeka, na wamekuwa kama wazee wetu wa baraza. Kuna wanaume wa miaka hamsini huko Ulaya na Marekani wanaonunua bodi zilizotengenezwa upya kwa michoro ya miaka ya 1980, si kwa ajili ya kuzipanda, bali kuzitundika ukutani. London kuna sehemu ya zege chini ya jengo la South Bank ambayo wachezaji wameitumia tangu miaka ya 1970. Mwaka 2013 ulipotoka mpango wa kuwahamishia sehemu mpya, waliukataa, wakapigana hadi mwaka 2014 wakaachiwa zege lao la zamani. Nao husema: enzi zetu mchezo ulikuwa mchezo, vijana wa sasa wanatafuta fedha na Olimpiki. Na kweli, mchezo uliokuwa wa wahuni uliingizwa Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021.

Basi mzee wa Moshi na mzee wa London wanasema neno moja. Kila mmoja anaamini kwamba utoto safi ulikuwa wa kwake. Hapa ndipo swali lenyewe lilipo: hivi kweli hamu ya zamani ni kipimo cha haki? Qur'an imewalaumu watu ambao hoja yao pekee ilikuwa kwamba hayo ndiyo waliyowakuta nayo baba zao. Ukweli hauwi ukweli kwa kuwa ulitutangulia, na mchezo hauwi mwema kwa kuwa tuliucheza sisi.

Hata hivyo, siwezi kuidharau hamu yenyewe. Masahaba walipohamia Madina, Bilal (r.a.) aliugua homa, na katika ugonjwa wake akawa anataja kwa mashairi mabonde ya Makka na majani yanayoota huko. Hebu tafakari! Makka ndiko alikoteswa juu ya mchanga wa moto, na bado moyo wake uliyakumbuka majani. Bibi Aisha (r.a.) akampa Mtume (s.a.w.) habari hiyo. Mtume hakumkemea Bilal. Alimwomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi ya hivyo. Hamu ikaachwa mahali pake, na dua ikaombwa kwa ajili ya mji wanaoishi sasa na watoto watakaozaliwa humo. Sisi tunafanya kinyume: tunaipenda Moshi ya utoto wetu kiasi kwamba hatuna hata dua ya Moshi hii wanayokulia watoto wetu.

Ama kuhusu mchezo kama mchezo, mapokezi yako wazi. Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume, Umar (r.a.) akataka kuwazuia, akaambiwa awaache. Bibi Aisha akawatazama nyuma ya Mtume (s.a.w.) mpaka alipochoka mwenyewe, na akawahimiza watu wakadirie hamu ya msichana mdogo kwa mchezo. Imam Ghazali naye, mtu ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa mzaha, ameeleza katika Ihya kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze, kwani kumbana na masomo mfululizo kunaua moyo wake. Nafundisha dini kila siku, na ninamwona mtoto aliyebanwa hivyo: anahifadhi juzuu huku macho yake yamelala.

Kinachonitia hofu mimi ni barabara. Sisi tuliteremka na beringi wakati gari lilipita baada ya muda mrefu. Leo kuna bodaboda, bajaji na malori ya mchanga, na lami ni nzuri, yaani mwendo ni mkali. Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha Masahaba kukaa njiani. Wakamwambia kuwa hawana budi, ndipo wanapokutana na kuzungumza. Akakubali udhuru wao, ila akawataka waipe njia haki yake, na miongoni mwa haki hizo ni kuzuia udhia. Mtoto anayemkatisha mwenye bodaboda anaudhi, na anaweza kuua au kuuawa. Hilo linatosha kumtoa barabarani, bila fatwa ya kubuni.

Na nimalizie hasira yangu kabisa. Baadhi ya wanaopiga kelele kuhusu ubao huu wana mikeka ya kubeti mifukoni. Kamari, ambayo Qur'an imeitaja kwa jina pamoja na ulevi, imekaa kimya kwenye simu zetu, na hakuna aliyekuja kuniomba fatwa juu yake. Tena baadhi ya vijana wameshaanza kuwekeana shilingi mia tano kwa atakayefika chini kwanza. Hilo nimewakataza waziwazi, na wamenielewa kuliko baba zao.

Lakini ukimwambia mtoto ondoka barabarani, utamwambia aende wapi? Vile vijiwanja vya wazi tulivyochezea sisi vimejengwa. Vijana wa Kitintale, Kampala, walimwaga zege wakajijengea uwanja wao katikati ya miaka ya 2000. Sisi Waislamu tunatoa waqfu wa msikiti, wa madrasa na wa makaburi. Wa kiwanja cha watoto sijausikia hapa. Nimependekeza kwa kamati kwamba ua wa saruji wa madrasa ufunguliwe baada ya Alasiri mpaka nusu saa kabla ya Magharibi, kwa masharti ya kofia ngumu na kutokuwekeana fedha. Mjumbe mmoja ameuliza nani atalipia meno yatakayong'oka. Mwingine ameuliza kama mabinti nao wataruhusiwa, na kama wana muda wao. Nimejibu kuwa ua una ukuta, na wiki ina siku saba. Kikao kijacho ni baada ya Ijumaa.