Programu Ikikataliwa, Soma Kwanza

Mwanangu, duka likikurudishia programu, usikimbilie kugusa msimbo. Soma ujumbe wote waliokuandikia, uangalie na namba ya kanuni waliyoitaja. Vijana wengi huishia kwenye neno "imekataliwa", wakafuta vyeti vya saini na kuunda vingine, na tatizo dogo likazaa makubwa.

Kwenye saini, cha kuogopa hasa ni kupoteza ufunguo. Simu ya Android haipokei toleo jipya ambalo saini yake hailingani na ya lile lililotangulia. Tangu Agosti 2021, programu mpya za Google Play hutiwa saini ya mwisho na Google wenyewe, nawe unabaki na ufunguo wa kupakia. Huo ukipotea, mwenye akaunti huomba mwingine. Ila programu ya zamani ambayo haijahamishiwa kwenye utaratibu huo haina msamaha. Itabidi uanze upya kwa jina jingine la kifurushi, na watu wako wabaki na toleo lisilosasishwa tena. Basi tunza nakala mbili za faili la ufunguo, na nywila yake iwe mbali nalo. Kazi ikiwa ya mteja, mkabidhi na yeye nakala. Ni haki yake.

Na ikiwa kwako programu inakwenda vizuri, lakini ikipakuliwa dukani inagoma kuingia kwa akaunti ya Google, usihangaike na msimbo. Saini ya dukani si ile ya kompyuta yako. Chukua alama ya SHA-1 ya cheti cha duka kutoka Play Console, uisajili pamoja na yako.

Kwa Apple, nakusihi umfikirie mkaguzi. Tuseme programu yako inatuma namba ya siri kwa SMS kwenye laini za +255. Yeye laini hiyo hana, anakwama ukurasa wa kwanza, na unarudishiwa kwa kanuni 2.1. Mtengenezee akaunti ya majaribio yenye namba isiyobadilika, umwelekeze kwenye maelezo ya ukaguzi. Tena, tangu 30 Juni 2022, programu inayofungua akaunti lazima imruhusu mtu kuanza kuifuta humohumo. Naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote: taarifa ni za mtu, si zako.

Ukiona wamekosea, wajibu kwa adabu, na uambatishe video fupi ya simu halisi inayoonyesha kila hatua.