TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 12: Kumwaga ni rahisi, kurudisha kuna gharama



Jana alasiri madrasa, mtoto mmoja alimwaga maji juu ya juzuu ya mwenzake. Saumu ilikuwa imenibana, nikamfokea mbele ya darasa zima. Akainamisha kichwa, hakusema kitu. Nimeswali tarawehe moyo wangu haujatulia.

Usiku nikakumbuka somo moja la baiolojia. Mtu akikasirika, mwili humwaga adrenalini kwenye damu. Ikifika kwenye ini, haiingii ndani ya seli. Inabisha hodi mlangoni tu. Anayeupeleka ujumbe ndani ni mwingine, wanasayansi wanamwita mjumbe wa pili. Mmojawapo anaitwa IP3, na ni mwaka 1983 tu ndipo Michael Berridge na wenzake walipoionyesha kazi yake. Huyu huenda hadi kwenye ghala lililomo ndani ya seli, akalifungua, na kalsiamu, madini yale yale ya mifupa yetu, ikamwagika. Kwa ishara hiyo ini hutoa sukari iliyokuwa imewekwa akiba.

Sasa tazameni hekima ya Muumba. Kalsiamu iliyo huru ndani ya seli ni kidogo mno. Nje yake iko takriban mara 10,000 zaidi. Ikijaa ndani na kubaki, seli hufa. Kwa hiyo ujumbe ukishafika, pampu ndogo ndogo huirudisha ghalani na nyingine huitoa nje. Kumwagika hakuhitaji nguvu, ni kama maji yanavyoteremka mlimani. Kurudisha ndiko kunakokula nguvu, na seli iliyo hai haiachi kazi hiyo.

SubhanAllah! Surat Adh-Dhariyat inatukumbusha kwamba ishara zimo hata ndani ya nafsi zetu.

Ndugu zangu, hasira kupanda ni maumbile. Mtihani ni je, tunairudisha? Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa aliyefunga akichokozwa aseme kwamba yeye amefunga. Hiyo ndiyo pampu yetu. Lakini wengine tulimwaga maneno tangu Shaaban na mpaka leo yamejaa kifuani. Mke hasemeshwi. Ndugu wawili wanaswali safu moja, wakitoa salamu hawatazamani. Kitu kinakufa humo ndani, na sisi tunahesabu saumu.

Leo asubuhi nimemwita yule mtoto mbele ya wenzake wale wale, nikamwomba radhi. Sitawaficha, ilikuwa nzito. Ila nimefunga leo nikiwa mwepesi.

Kazi ya leo: kabla ya adhana ya Magharibi, mpigie simu mtu mmoja. Unamjua. Usingoje aanze yeye.

Ya Allah, tusafishe vifua vyetu, utukubalie saumu zetu. Aamin.

Tukutane kesho, inshaAllah. Msisahau kuwafikishia na wengine.