Daftari na Amana

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliofungua biashara ndogo hapa Sydney, za usafi, za teksi, za vyakula vya kwetu, twauchukua msemo huu kama onyo la hasara. Swali zito zaidi ni hili: ikipotea, huwa imepotea mali ya nani?

Tuchukue ripoti ya mwezi. Tuseme benki ina dola 40,000, na nyoyo zetu zinatulia. Tukisoma mstari kwa mstari, twakuta sehemu yake ni kodi ya GST, ambayo tangu Julai 2000 ni asilimia 10: mteja akilipa dola 110, dola 10 ni za serikali, sisi ni wachukuzi tu. Sehemu nyingine ni kodi tuliyokata kwenye mishahara. Nyingine ni akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, iliyo lazima kisheria tangu 1992 na iliyofikia asilimia 12 mwezi Julai 2025. Kinachobaki ndicho chetu, na pengine hakibaki kitu.

Basi asiyesoma ripoti hajui kama anakula chake au anakula amana. Hakukusudia kuiba, hakutazama tu. Lakini kijana anayesafisha ofisi usiku, akikuta akiba yake haikuwekwa, nia yetu njema itamfaa nini?

Wapo watakaosema: hesabu anazo shemeji, na kumkagua ni kumshuku. Hoja hii ina uzito, maana wengi wetu tulianza kwa mtaji wa undugu. Lakini hata wakubwa wameitoa. Wakurugenzi wa kampuni ya Centro walipitisha hesabu za 2007 ambamo madeni ya zaidi ya dola bilioni 1, ya kulipwa karibuni, yaliandikwa kuwa ya muda mrefu. Walijitetea kwamba wataalamu walikwisha kuzikagua. Mwaka 2011 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilikataa: mkurugenzi hana budi kuzisoma mwenyewe na kuzielewa.

Tuliosomea uhandisi hatutazami geji ya boila kwa kumshuku fundi. Twaitazama kwa sababu kuna watu karibu na boila. Vivyo hivyo, kukaa na shemeji kila mwezi na kumuuliza, "Hii ni nini?" ni kumpunguzia mzigo wa kubeba hasara peke yake kwa siri. Undugu hauvunjwi na swali la kila mwezi. Huvunjwa na swali linaloulizwa mara moja tu, fedha zikiwa zimekwisha.